Nusu ya Ufunguo Aliyoishika Mke Wangu

Nilikuwa katekista kwa miaka mingi, na watu waliokimbia vita waliniletea maneno wasiyoweza kuyapeleka kwingine. Mama mmoja wa Kibumba alinieleza mahali alipomzika mwanawe wakiwa njiani. Niliyaandika yote katika ordinateri, yaani kompyuta yangu, nikaweka neno la siri, nikamshukuru Mungu.

Siku moja mashine ilikataa kuwaka. Mama mmoja fundi, hapa mtaani Majengo, aliifungua, akatoa disiki, akaichomeka kwenye mashine yake. Faili zangu zote zikatokea.

"Papa, neno lako la siri ni pazia tu, haiko mulango. Mutu akiiba hii, anasoma bila kukuuliza."

Nikawafikiria waliotajwa mle. Nikamwomba aifunge disiki yenyewe. Akatuonya, mimi na mke wangu, kwamba maneno ya kuifungulia yakipotea, hata yeye hataweza kitu. Akatupa karatasi ya namba za akiba, za kuifungulia tukisahau. Mke wangu aliichoma kwenye mbabula, jiko letu la makaa: karatasi ndiyo hukutwa kwanza nyumba ikisakwa na wenye silaha.

Mambo mazito tuliyashika wawili tangu ndoa. Mke wangu akaamua kila mmoja awe na nusu yake ya maneno ya kuifungulia, asimwambie mwenzake.

"Wewe muzee, wakikupiga kofi moja utasema yote, mpaka zambi za padri!"

"Na wewe?"

"Mimi nitaimba. Watanifukuza."

Basi nilikuwa naandika nusu yangu, kisha nageuza uso ukutani, naye anaandika yake kwa kidole kimoja.

Asubuhi moja, akitwanga sombe, majani ya muhogo, alishika kichwa. Hakusema tena. Macho yake yalinifuata hadi jioni, nami nilimsomea rozari. Mambo ya mashine hayakunijia hata kidogo. Alizikwa kwa heshima, namshukuru Mungu.

Baadaye akaja binti wa yule mama wa Kibumba. Mama yake naye alikuwa amefariki. Alitaka kujua kaka yake amelala wapi, amwekee msalaba.

"Mama alisema Papa aliandika."

Niliandika nusu yangu. Kwa ile nyingine nilijaribu majina ya watoto wetu, nyimbo alizozipenda, zaburi zake. Mashine ilikataa. Akilini nilikuwa na jiwe kubwa na shamba la viazi, lakini niliwasikiliza wengi, na pengine lile lilikuwa jiwe la mama mwingine. Niliogopa kumtuma akalie mtoto asiye wao.

"Sema hata kidogo, Papa."

"Sijui, mwanangu."

Alinishukuru, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Nashukuru kwamba hakuna mwovu aliyeyasoma maneno yale. Asubuhi, baada ya misa, naiwasha mashine, naandika nusu yangu na kugeuza uso ukutani kama zamani. Nikigeuka tena, kile kistari cha kuandikia kwenye kioo bado kinawaka na kuzima palepale nilipokiacha.