Supu Tamu Ambayo Mzee Sjur Aliikataa

Ni Jumapili asubuhi mwezi wa Februari. Katika jiko la nyumba ya wazee kisiwani Skarvøya, mpishi Alfhild Rønnestad anafunua beseni. Plamu kavu, aprikoti na vipande vya tufaha alivyoloweka jana vimefura.

Anainamisha kichwa, midomo ikicheza kidogo kwa sala, kisha anawasha jiko. Maji ya kuloweka hayamwagi, maana ndiyo yenye ladha. Anatia kijiti cha mdalasini, limau na chembe za sago, wanga wa kuifanya supu iwe nzito, halafu anakoroga bila kupumzika. Sago ikishika chini, sufuria nzima hunuka kuungua.

Alfhild, mwenye miaka hamsini na tisa, alizaliwa bara, bondeni, akamfuata mumewe kisiwani. "Kwetu supu tamu huja mwisho, baada ya nyama," anasema. "Sikuwahi kuuliza wengine wanailaje."

Kosa hilo nusura limponze Sjur Myklevoll, mkazi wa nyumba hiyo aliyekuwa fundi wa injini za boti. Tangu amzike mkewe Gunvor kabla ya Krismasi, Sjur hamalizi sahani. Daktari alisema hali ikiendelea hivyo, atahamishiwa hospitali ya bara.

"Akienda huko harudi," anasema binti yake, Borghild. "Namjua baba. Atageukia ukutani na kungoja kufa."

Chakula pekee alichokitaja mzee ni supu tamu ya Gunvor. Alfhild akampikia.

"Hii siyo," Sjur alisema, akilisukuma bakuli.

"Imekosa nini, mzee? Sukari?"

"Nitajuaje? Mimi nilikuwa mlaji."

"Basi mlaji, kula!"

"Nyie watu wa bondeni mnapika kama mnamwogesha mtoto, kila kitu laini." Meza nzima ikacheka.

Alfhild akaongeza limau. Akaipoza. Akaacha kokwa ndani ya plamu. Kila bakuli lilirudi limejaa.

"Niliomba," anasema. "Sikuomba muujiza. Niliomba nijue cha kuuliza."

Alhamisi, akipangusa meza, hakuuliza tena supu ilitiwa nini. Aliuliza pembeni mwa bakuli kulikuwa na nini.

"Samaki. Heringi wa chumvi," Sjur alijibu kwa mshangao. "Nani anakula supu tamu peke yake?"

Borghild anakiri kwamba hakufikiria kulitaja jambo hilo. Kwake ni kama kutaja kijiko. Bibi Oddny, anayekaa meza hiyohiyo, naye alijua.

"Sasa mbona miaka yote hamkuniambia?" Alfhild alimuuliza.

"Tulidhani jiko halina pesa za heringi, mwanangu. Tukaona tusikuaibishe."

Leo mchana kila bakuli lina kisahani cha heringi na vitunguu. Sjur anakivuta chake karibu. Anatia kipande mdomoni, kisha kijiko cha supu. Anatafuna. Anatema kokwa na kuliweka ukingoni mwa bakuli.

"Heringi amelowekwa mno," anasema. "Chumvi yote imemtoka."

"Basi nifundishe."

"Nimeshakwambia, mimi ni mlaji."

"Utakuwa unaonja."

Borghild, aliyesimama dirishani, anajifunika mdomo kwa kiganja.

Alfhild ana mpango, na ameshamwambia Sjur. Heringi wakija Oktoba, ataweka pipa lake mwenyewe la chumvi mlangoni mwa jiko, na kiti cha Sjur kando yake. Anapokumbushwa kwamba Oktoba bado ni mbali, anaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo maana nimemwambia leo, apate cha kungojea," anasema, na kulipokea bakuli ambalo Sjur amelisukuma tena, safari hii likiwa tupu.