Nani Alikuwa Ananiandikia?

Wiki tatu nimemshauri mtu nisiyemjua. Nimegundua leo mchana.

Mwanafunzi wangu hapa shuleni Gihundwe, ng'ambo ya mpaka, alikimbia vita Bukavu. Darasani hasemi neno, ila kwa ujumbe, kutoka namba ya nyumbani kwao, anamwaga moyo: mlango ukibamizwa, anajificha.

Nikajisifu. (Shahada ya ushauri sina, majivuno ninayo.)

Leo nikamwita ofisini. "Bado unaogopa milango?"

Akanitazama. "Maman, mimi siko na telefone. Ile ni ya Papa. Mulango ikipigwa, ni yeye anaruka."

Nikafungua simu kusoma upya ujumbe wa jana.

Mara Papa mwenyewe huyo mlangoni, kaja kumchukua mtoto. Mabega mapana, kofia mkononi. Akaona simu yangu, akamwona binti yake, akaelewa.

"Tutaongea kwa telefone, Maman." Akageuka aondoke.

Najua kama angeondoka, asingeandika tena.

Nikazima simu, nikamtuma binti maji, nikavuta kiti. "Papa, ile habari ya jana hukumaliza."

Alisimama akitazama kile kiti kama mtego.

Halafu akakaa.

(Kaniruhusu niandike, bila jina.)

Nyinyi mnaoshauri watu kwa simu, mna hakika ni nani anayewajibu?