Rubani wa Mikanda Mitatu

Jamani, mnicheke, ila mnicheke nikishamaliza, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi, na mpaka leo nikitumwa Kariakoo napita mtaa wa nyuma.

Enzi zile ruksa ya biashara huria imepamba moto, bidhaa zimejaa madukani mpaka barazani, nami nauza mikanda ya mitumba pale Mchikichini. Mikanda ya suruali, basi. Ila nilikuwa na ugonjwa wa ndege: kila Jumapili nashinda nje ya uzio wa uwanja wa ndege nikizitazama zikitua (kupanda sijawahi kupanda hata moja). Sasa mshenga wangu alipopeleka posa kwa kina Mwanaidi, Magomeni, akaulizwa kijana anafanya kazi gani, naye akajibu, "Ni mtu wa ndege." Nilipoambiwa nikanyamaza, nikaona limekaa vizuri. Jibu la posa lilikuwa kwa mjomba wake, Mzee Shomari, na tulikuwa tunalisubiri wiki ileile.

Basi napita Msimbazi, hapo Kariakoo, na furushi la mikanda begani, Bwana Jayesh wa duka la redio akaniita. Kaleta kompyuta na usukani wake, ndani mna mchezo wa kurusha ndege, anataka kuwauzia wapenda ndege wenzangu.

"Wewe ndiye mtaalamu," akasema. "Irushe, uniambie kama inafanana na ya kweli, niagize nyingine."

Ningesema sijui, yangeisha. Nikavuta kiti.

Watu wakajaa mlangoni, na mimi nikiona watu kichwa huvimba. Nikatangaza kwamba rubani hakai bila mkanda, nikamwambia jamaa mmoja anifunge kwenye kiti kwa mikanda yangu mwenyewe, mitatu, vifungo kwa nyuma. Akakaza hasa. Kuinua macho, namwona Mzee Shomari katikati ya umati, kakumbatia feni mpya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, rubani. Endelea, tunaangalia."

Ningefanyaje? Nikawasha injini, nikaibana ndege kushoto kabisa mwa njia ya kurukia, niwapishe wanaokuja mbele (ndivyo tunavyoendesha hapa Bongo, au sivyo?), magurudumu yakaingia majanini. Nikauliza honi iko wapi. Bwana Jayesh akapekua kijitabu chake chote, akasema honi haikuandikwa. Nikavuta usukani kwa hasira na ndege ikaruka kweli, mama mmoja akapiga vigelegele, nami mjinga nikaachia mkono mmoja niwapungie. Pua ikainama. Kioo kizima kikawa bahari, inakuja, inakuja, na hapo akili ikanihama, nikapiga shahada kwa sauti, nikapayuka, "Jamani, tunakufa!" nikakurupuka na kutoka mbio na kiti mgongoni, nimeinama kama kobe, miguu ya kiti inaangusha masufuria ya jirani, mpaka nikakwama katikati ya mikokoteni miwili.

Bwana Jayesh akafika anahema. "Sasa niambie, niagize nyingine au niache?"

Mtaa mzima ulikuwa unalia kwa kicheko.

Aliyenifungua ni Mzee Shomari, mkanda mmoja mmoja, taratibu, hacheki. Wa mwisho akaugeuzageuza mkononi.

"Mikanda ya nani hii?"

"Yangu, mzee. Nauza Mchikichini." (Ndiyo kweli ya kwanza niliyomwambia tangu posa iende.)

"Ngozi nzuri," akasema. "Muuza mikanda ningempa mwanangu leo hii. Rubani hapana." Akanirudishia, akachukua feni yake, akaenda zake.

Niliumia, sifichi. Tangu siku ile nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, hata kama ni njia ya kwenda sokoni, na mshenga wa pili, wa kwenda nyumba nyingine, nilimwandikia mwenyewe kwenye karatasi: anauza mikanda. Mwanaidi aliolewa mwaka uleule, na muuza viatu vya mitumba, palepale Mchikichini, meza ya tatu kutoka yangu.