Manowari Halipiti Makaburini Bila Salamu

Saa moja asubuhi, Msambweni. Maimuna Mwachuo anafungua milango minne ya gari, mmoja baada ya mwingine, na kuingiza chetezo cha ubani. Moshi unapanda hadi darini na kutoka taratibu madirishani. Anapiga bismillahi, anashika usukani, kisha anamuuliza marehemu mumewe ameamkaje. Hafanyi mzaha.

Gari hili la Kimarekani, refu la kuziba uchochoro, watu wa hapa huliita Manowari. Issa, mumewe, alilinunua mwaka wa 1986 kwa mwenye hoteli wa Diani aliyekuwa akirudi kwao. Enzi hizo yalikuwapo mengi barabara hii. Petroli ikapanda, vipuri vikaadimika, vigari vya Kijapani vikayafukuza. Manowari likabaki. Chumvi ya bahari inayotafuna mabati ya nyumba imeshindwa nalo.

Kilichowalisha watu wa nyumba hii ni kiti chake cha nyuma. Bibi harusi wa huku hupelekwa kwa mume akiwa katikati ya somo wake aliyemfunda na shangazi yake, bega kwa bega. Kwenye kigari kidogo, ama mmoja abaki au nguo ya harusi ikunjwe kama mtumba. Ndani ya Manowari wote walinyoosha miguu. Msimu ukikolea, Issa alipata harusi tatu kwa wiki. Mwaka huu mzima Maimuna amepata moja.

Sababu haifichiki. Kila alipofika makaburi yaliyo kando ya barabara kabla ya Gazi, Issa alikuwa akizima injini, akiwasalimu wafu, ndipo aendelee. Miaka mitatu iliyopita akazikwa papo hapo. Maimuna alikaa eda, na gari halikuguswa. Alipotoka akampakia bibi harusi wake wa kwanza, na walipofika makaburini injini ikazima yenyewe.

"Nilizungusha ufunguo, wapi! Mwari nyuma akaanza kulia," anasimulia. "Ndipo nikakumbuka. Nikasema, Assalaamu alaykum, enyi watu wa makaburini. Gari likawaka."

Tangu hapo halijapita pale bila kuzima. Lisemwalo lipo, na hili lilifika hadi Ukunda kabla ya jua kuchwa. Nani ampandishe bintiye gari la kusimama makaburini?

Sanga, fundi wa Ukunda mwenye asili ya Kinango, amebadilisha nyaya, koili na pampu ya petroli. Amelipandisha hadi Kwale na kulirudisha bila kukohoa. Siku moja aliamua kuyapita makaburi kwa kasi. Likazima, likaserereka lenyewe, likatulia mahali pale pale.

"Mama Warda, gari hili ni zima," alimwambia Maimuna siku hiyo. "Mimi natengeneza magari tu."

Asubuhi hii amekubali kulijaribu tena, kwa kuwa Jumamosi Warda, binti pekee wa Maimuna, anaolewa Gazi. Wakwe wameshatuma ujumbe kwamba wao watakodi gari jingine. Mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mombasa naye alikuwa akingoja jibu. Maimuna alikuwa ameshajiapiza: mwanawe mwenyewe akilikataa, Manowari litakwenda kukatwa.

Makaburi yanatokea upande wa kushoto. Hakuna aliyegusa ufunguo, lakini mngurumo unafifia na gari linasimama. Sanga, aliyeketi kiti cha abiria, anatazama miguu yake. Maimuna anashusha kioo na kutoa salamu kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwake. Anasubiri kidogo. Injini inawaka, na mkono wake ungali mapajani.

Inatisha, na Maimuna hakatai kwamba anaogopa. Hata hivyo, mnunuzi wa vyuma ameshaambiwa asirudi. Jana jioni Warda alitoka kazini kwenye duka la dawa, akamwamkia mama yake shikamoo, akaketi karibu naye. Alisema atapanda Manowari, wakwe wapende wasipende. Ami yake ndiye atakayemwozesha, lakini salamu ya baba yake anaitaka siku hiyo.

Maimuna alimuuliza kama haogopi.

"Wenzangu wanachelea lisije likazima, mama," Warda alimjibu. "Mimi nachelea lisije likapita."