Vijiko vya Kupimia Spika

Watu walimwita Sikio, na jina hilo ndilo lililomlisha. Ukitaka spika za nyumbani na hutaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ulikwenda naye dukani. Asikilize, atoe kasoro, ashushe bei, kisha umpe chake.

Hakuzipima kwa muziki. "Muziki unaficha uchafu," alisema. Alikuwa na rekodi moja tu, ya mkewe akiosha vijiko kwenye beseni. Maji yaje mazito, vijiko vilie vyembamba, kila kimoja mahali pake. Spika isiyotoa vijiko, kafugie kuku. Miezi ya karibuni alikuwa akinung'unika kwamba spika za siku hizi hazina kitu.

Jumatatu hiyo aliandamana na msusi aliyemaliza kujenga vyumba vyake viwili, akabakiza muziki. Muuzaji akaunganisha spika. Sikio akaweka rekodi, akafumba macho. Maji yakaja. Vijiko havikuja.

"Hii maiti. Leta nyingine."

Ya pili, maji. Ya tatu, aina ileile aliyoisifu mwaka jana mwenyewe, maji matupu.

"Mzee, hizi mpya! Si nimetoa nailoni mbele yako?"

"Hata jeneza huwa jipya. Umeuziwa mzigo mbovu, ndugu yangu, sasa unataka tukusaidie kuzika. Shusha."

Muuzaji akashusha. Sikio akashika njia ya mlangoni, kama kawaida yake. Akavutwa shati, bei ikashuka tena. Duka likitiwa doa na Sikio, nani angekanyaga tena pale? Bei ikafika mahali ambapo Sikio hakuwahi kuifikisha tangu aanze kazi.

Msusi akamsogelea, midomo ikacheza.

"Unasemaje?"

"Nasema, kaka, mbona mimi navisikia? Vijiko. Tena kuna kimoja kimeanguka sakafuni."

Kilianguka kweli, karibu na mwisho. Sikio hakuwahi kumwambia mtu.

Akamtazama muuzaji, akatazama zile spika nzima, nzuri, zisizo na kosa lolote.

"Navisikia," akamnong'oneza msusi. "Nashusha bei."

"Loh! Shetani wewe!" Msusi akacheka mpaka akashika kaunta. Walipotoka akamlipa na kumwongezea. "Wiki ijayo nakuletea dada yangu, na yeye anataka. Sikio kama lako halipatikani."

"Mlete," akasema. Angesema nini? Hakuwa na kazi nyingine, wala hakujua kufanya nyingine.

Nyumbani alimkuta mkewe anaosha vyombo. Akavuta kigoda, akakaa karibu mpaka maji yakamrukia usoni.

"Umenunua vijiko vipya?"

"Kwa hela ya nani? Ni vilevile ulivyonirekodi navyo." Mkewe akachukua viwili, akavigonganisha kwa utani pembeni ya sikio lake. "Haya, mteja. Unachukua au unaleta kasoro?"

Sikio akaona bati likigonga bati. Alichosikia ni kama vijiti viwili vya kuni, tena mbali, nyuma ya ukuta.

"Gonga kwa nguvu."

Akagonga.

"Zaidi."

"Zaidi ya hapo, baba, nitamwamsha mtoto wa jirani."