Hela ya Mama na Koili Mbili

Nikiri mapema: siku yangu ya kwanza kazini nilizika hela ya mama. Sisemi hela ya vitumbua. Ni hela yenyewe, sarafu ya shaba ya enzi za Mjerumani, aliyoachiwa na bibi akaitoboa tundu la uzi. Niliichomoa mkebeni kwetu Mbwawa bila ruhusa, nikaenda kuifukia ufukweni Bagamoyo nipimie detekta ya mjomba, mashine inayonusa chuma na shaba ardhini. Fundi hupimia kitu anachokijua. Nilikijua, ila sikuweka alama.

Mjomba Shomari wa Kisarawe ndiye alikuwa Mkurugenzi wa kampuni yetu ya kusaka vya kale vilivyofukiwa. Watumishi wengine wote nilikuwa mimi.

"Umezika nini?"

"Hela ya mama, mjomba."

"Yaani ya dada yangu." Akavua miwani. "Basi wafiwa tuko wawili."

Nyinyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza hamjui mazingira magumu. Mchanga ule una chenga nyeusi za chuma. Tulianza na koili kubwa ya duara. Koili ni ile sahani ya chini inayonusa. Kubwa hufika mbali, lakini chenga nazo huzisikia zote. Ililia kila mahali kama mtoto wa chanjo, nami nikachimba kila ilipolia.

"Unatafuta hela au unachimba choo?" aliuliza Mkurugenzi.

Nikaomba koili ndogo ya D mbili, ambayo nyaya zake zimesukwa kama herufi D zilizopeana migongo. Hiyo husikiliza ukanda mwembamba tu, kelele zikapungua.

"Hiyo haifiki chini."

"Hata mimi sikufika chini, mjomba. Nilifukia kwa kisigino."

Nikaizoesha mchanga, kuinua na kushusha mpaka ikanyamaza. Nikapita taratibu. Ti. Nikarudi. Ti, palepale. Nikaibua kiduara kilichovimba kutu ya kijani. Sikujiuliza imeotaje kutu ndani ya saa moja, mshindi haulizi. Mkurugenzi alinipa mkono, na yeye huwapa mkono wazee wenzake tu.

Koili kubwa ni ya mtafuta sifa, ndogo ni ya mtafuta kitu. Hayo nimeyajua kwa jasho langu, na najivunia.

Jioni nilimkabidhi mama, nikaeleza yote, nikamtangazia kwamba nastaafu kwa heshima, narudi kwenye hesabu za kidato cha tatu. Akaisugua kwa ndimu na majivu, akaigeuza mara mbili. Kisha alisema hivi, neno kwa neno:

"Hongera, baba. Hela kweli hii. Yangu ina tundu. Rudi kazini."