Mama Zuhura Alinipisha Nitangulie

Siamini bado, jamani.

Kufa kwake naamini. Nimekaa matangani siku tatu hapa Kahama, nimesonga ugali wa watu mpaka kiganja kimechubuka. Ninachoshindwa kuamini ni kwamba Mama Zuhura alinizidi umri kwa miaka mitatu.

Kaka yake aliyetoka Tabora alisimama kutaja umri wa marehemu. Nikapayuka mbele ya shehe: "Siyo kweli!" Wanawake wakanishika mikono, wakaniletea maji, wakidhani ni uchungu. Ilikuwa hasira.

Maana miaka yote mwanamke huyu ananiambia, "Shikamoo dada," nami naitikia marahaba, kifua mbele.

Wengi mnamjua kwa pilau. Kabla ya hapo alipika machimboni Geita, akilisha wachimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Mimi namjua kwa mchezo. Cheka uone.

Mchezo aliuleta mjukuu wangu Kabula, surveyor, mpimaji wa mgodini. Akiwa off anakuja na karatasi na kete zenye pande ishirini. Yeye anasimulia: mko pangoni, limetokea joka. Ninyi mnasema mnafanya nini, kete inaamua kama mmeweza. Kila mtu ana mpiganaji wake kwenye karatasi, anamgawia alama: hizi za mwili, hizi za moto, hizi za ngao. Basi.

Sisi wawili tulichagua wapiganaji wanaopiga kwa maneno ya nguvu. Kabula akataka kuandika "mchawi." Tukamnyang'anya kalamu wote wawili kwa pamoja! Vikongwe wa huku kwetu tunauawa kwa neno hilo, liandikwe na jina lako pembeni? Mtoto kasoma mpaka kapitiliza. Tukaandika "fundi wa moto."

Ugomvi ukaanza hapo hapo. Mimi alama zangu zote nilizimwaga kwenye moto. Mama Zuhura akajaza mwili na ngao, moto akaupa kidogo tu.

"Unajenga fundi au unajenga ghala?" nikamuuliza.

"Dada, machimboni hawaanzi na dhahabu. Wanaanza na matimba, ile miti ya kutegemeza duara lisiwaangukie. Dhahabu baadaye."

"Sisi hatuchimbi. Tunaunguza!"

"Haya, unguza."

Nikaunguza. Tena nilitangulia, maana mimi ndiye mkubwa. Kabula alisema anayeanza anaamuliwa na kete. Nikamwambia kete haikumzaa mama yako. Toka siku hiyo kila vita nafungua mimi, na Mama Zuhura ananipisha kwa adabu zote: "Pita dada."

Napita, nachoma zimwi moja, wenzake wote wananizingira. Mama Zuhura ametulia kama anangoja maji yachemke. Wakishajaa anatupa moto wake mdogo katikati yao. Wote chali, na mimi nikiwemo. Fundi wangu kafa hivyo mara mbili, Kabula anamfufua!

"Samahani dada, ulisimama vibaya."

Nilimnunia wiki nzima. Akaniletea vitumbua, nikavila nikiwa nimenuna.

Baada ya hapo sikufa tena. Mishale inanikosa, moto unanipita pembeni. Nikatangaza mtaa mzima kwamba fundi wangu nimemjenga sawasawa, moto ndiyo dawa, habari za ngao ni za waoga. Mama Zuhura anachambua mchele wake, anasema, "Kweli dada."

Presha ikamchukua Jumanne. Vita tulikuwa tumeviacha katikati, joka limefika mlangoni.

Matanga yalipokwisha Kabula akaja na karatasi zetu. "Bibi, huyu fundi wa Mama Zuhura nimfute?"

"Umfute? Kafa mara moja haitoshi? Lete hapa."

Karatasi yake sikuwahi kuisoma, alikuwa anaifunika kwa khanga. Niliishia darasa la nne lakini penseli naisoma. Ile ngao aliyoijaza alama, toka siku ya vitumbua kila vita ameandika pembeni kaiweka wapi. Kwa dada. Kwa dada. Kwa dada. Kwake mwenyewe hata mara moja.

"Kabula. Ulijua?"

"Alinikataza, Bibi. Alikuwa ananinong'oneza tu, nikuwekee ngao yake. Alisema ukijua utaacha kupiga kwa raha."

Mayo we! Nikalia, nikacheka, nikamtukana marehemu kidogo, Mungu anisamehe. Kaniachia ukubwa, kaniachia na sifa, yeye kakaa nyuma anachambua mchele.

Jumamosi tumevimaliza vile vita. Fundi wangu nimempa Zuhura, binti yake, mimi nimeshika wa mama yake. Zuhura ni kelele tupu, anataka kupiga kabla hajaambiwa kuna nini mbele. Nilitaka kumgombeza, nikameza.

"Pita, mwanangu. Tangulia."

Akapita. Joka likamtemea moto usoni, wala unywele haukuungua. Akaruka mpaka stuli ikaanguka.

"Mama Masanja, umeniona? Umeona nilivyo hatari?"

"Nimekuona. Kweli, mwanangu."

Zuhura mambo ya mtandaoni hana muda nayo, haya ninayoandika hapa hatayaona. Atakayemwambia ngao ilikuwa wapi, aje na sababu yake nyumbani kwangu, nitamsikiliza nikiwa na mwiko mkononi.

Sasa wewe, dada. Nimesema dada, umesikia. Shikamoo. Ulijenga vizuri kuliko mimi, na hili naliandika mbele za watu mara moja tu, usitake nirudie.

Wabeja, asante. Lala salama, lala kwa raha. Mlango nimeushika mimi.